Rangi Haijakauka

Dundori, 3 Machi 2024

Mwanangu Kabiru,

Salamu nyingi. Huku tuko salama, ila mama yako kifua kinamsumbua kidogo. Wewe na gereji yako hapo Nakuru mnaendeleaje? Nimefikiria uliloniomba. Chukua Peugeot uitengeneze, uiuze. Imebeba viazi na wagonjwa wa mlima huu wote, haina deni kwa mtu. Lakini ninunulie nyingine kabla mvua haijashika, kwa maana matatu hazifiki kwetu.

Baba yako

Nakuru, 9 Aprili

Baba,

Natumai hamjambo wote, pamoja na dada yangu Wangui. Samahani kwa kukawia. Ungeiona leo ungekana kwamba ni yako. Nimekwangua kutu yote, milango nimeitoa kwa nyingine iliyokuwa imekufa Gilgil, viti vimeshonwa na fundi wa makochi. Pesa kidogo, akili nyingi. Kuna tajiri wa Nairobi anayependa magari ya zamani, atakuja kuiona Jumamosi ya tarehe ishirini. Faida itakununulia pickup ya kisasa na mimi nipate ya kuanzia gari la pili. Mama anywe dawa.

Mwanao Kabiru

Dundori, 18 Aprili

Kabiru,

Nakusalimu kwa ufupi, kwa ujumbe wa simu. Mama yako hapumui vizuri tangu jana. Mvua imeharibu barabara, na jirani mwenye trekta yuko Bahati. Peugeot inatembea, uliniambia mwenyewe kwa simu. Njoo nayo sasa hivi tumpeleke hospitali. Nimeogopa.

Baba yako

Nakuru, 18 Aprili

Baba,

Poleni sana. Ningekuja, lakini rangi haijakauka sawasawa, na matope ya huko yakiigusa nimerudi mwanzo. Mteja ni keshokutwa. Tafuteni pikipiki. Mama akae katikati, Wangui amshike kwa nyuma, watu hubebwa hivyo kila siku. Mtu wa boda nitamlipa mimi. Mniambie mkifika.

Mwanao Kabiru

Nakuru, 30 Aprili

Baba na Mama,

Hamjambo? Mmenyamaza sana, na Wangui hashiki simu. Naona Mama alipata nafuu, la sivyo mngenipigia. Mimi nina habari njema. Tajiri ameipenda mno Peugeot, hata bei hakubishana. Kilichobaki ni Baba ukubali uhamisho kwenye simu, kwa kuwa gari bado liko kwa jina lako. Fanya leo, asije akageuka.

Mwanenu Kabiru

Dundori, 1 Mei

Kabiru,

Natumai u mzima. Uhamisho nimeukubali asubuhi. Ile pickup usininunulie.

Mama yako tulimweka katikati ulivyosema. Kabla ya kufika lami alimlalia Wangui kifuani, Wangui akadhani ni usingizi. Tulimzika Alhamisi iliyopita. Watu wa kanisa na wa ukoo walitaka kukupigia, nikawaambia waniachie, nitakuambia mwenyewe. Pale kaburini walipouliza kifungua mimba yuko wapi, nilisema mtoto niliye naye ni Wangui.

Usije hapa. Nakuchukia, na sioni haya kuandika hivyo.

Siku ile alikataa kabisa kupanda pikipiki. Alisema tungoje, Kabiru lazima atakuja na gari. Ikabidi nimsomee ujumbe wako. Ndipo akapanda.

Baba Wangui