Mawe ya Bibi Magreth

Kilosa,
Jumatatu, wiki ya pili baada ya Pasaka.

Mdogo wangu mpenzi Bibiana,

Najua shikamoo yako imenifikia hata kabla hujafungua bahasha, nami naipokea: marahaba. Habari za Mikumi, na za ule mguu unaovimba? Mwanao Optatus ananiambia unasimama jikoni mgahawani tangu alfajiri, na ukiambiwa ukae unauliza nani atageuza chapati. Kaa, mdogo wangu. Mimi huku nipo kwa neema ya Mungu, ila moyo umechoka. Daktari hakunificha, wala sikutaka anifiche. Natoka kitandani hadi barazani kwa mkongojo, napumzika, narudi. Kichwa ni kizima, na mkono, kama unavyoona, bado unaandika mstari ulionyooka.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na safari hii nataka nimalize. Soma ukiwa umekaa, ufike mwisho, ndipo ukasirike.

Kwanza nikupe habari za Japani, maana tangu nirudi mwaka jana nimekuwa nikikuambia tu kwamba ni nchi safi yenye baridi. Unakumbuka ulivyonicheka Loveth aliponitumia tiketi. Ulisema mtu anayepumzika njiani kwenda chooni sasa anakwenda kupanda milima ya watu. Loveth binti yangu naye alikuwa upande wako. Alitaka nikae ndani penye joto, ninywe chai na kucheza na mjukuu. Lakini dirishani kwake ulionekana mlima, na juu ya mlima, aliniambia, kuna magofu ya ngome ya mawe ya mabwana wa vita wa karne nyingi zilizopita. Nikamwambia kwamba mtu aliyefanya kazi ya ubwana shamba maisha yake yote, akijenga kingo za mawe kwenye miteremko ya Ukaguru, hawezi kufa ameuona ukuta wa namna hiyo kupitia dirishani tu. Alinuna siku nzima, kisha akaninunulia viatu.

Tulipanda polepole na mzee mmoja wa kijiji cha chini, Nakagawa, anayewaongoza wageni, Loveth akitafsiri. Ni rika langu. Kila niliposimama kuhema alisimama naye akajifanya anatazama ndege. Majumba ya mbao yaliungua zamani. Zimebaki kuta, moja juu ya nyingine kupanda mlima, kama matuta ya shamba la jitu, na miti imeota katikati yake. Hamna saruji hata kijiko. Mawe makubwa yako mbele, madogo nyuma ili maji yapite, na ukuta wote umeegemea mlima kidogo. Niliupapasa. Ni kazi ileile tuliyowafundisha wakulima wetu, ila wao walizuia watu, sisi tunazuia udongo.

Karibu na lango la juu Nakagawa aliinama akatuonyesha jiwe la pembe nne lililolazwa ubavu ndani ya ukuta, lina maandishi. Alisema ni jiwe la kaburi. Maadui walikuwa njiani, ngome ikajengwa kwa haraka, wakachukua mawe popote walipoyaona, hata makaburini. Chini ya jiwe lile mtu alikuwa ameweka kikombe cha maji. Niliuliza kwa nini hawayarudishi. Akajibu kwamba wakiyang'oa, ukuta utaangukia kijiji. Na tena hakuna ajuaye yalitoka kaburi lipi, kwa sababu waliojua walikufa bila kusema. Basi wanaweka maji hapohapo, wakibahatisha.

Nilikaa chini. Loveth alidhani ni moyo.

Sasa sikiliza, Bibiana. Mwaka wa mvua za Elinino, wewe ukiwa umeshaolewa huko Mikumi, mlima ulipasuka juu ya nyumba ya kina Goodhope pale kwetu Berega. Niliitisha watu tukajenga ukingo mvua ikinyesha. Mawe ya karibu yakaisha, na ukuta ulikuwa bado haujafika mwisho. Mawe mapana yaliyobaki yalikuwa ya kaburi la Bibi Magreth, bibi yetu aliyetulea. Watu walipokwenda kula niliyabeba mwenyewe. Ukuta ukashika. Goodhope na wanawe wanalala chini yake mpaka leo, na kwa hilo sijuti.

Ninachojutia kilikuja baadaye. Tope lilikuwa limefunika pale kaburini pote. Ulipotuma salamu kwamba unakuja Krismasi kusafisha kaburi, nilishindwa kukuambia. Niliokota mawe ya mtoni, nikayarundika juu zaidi, penye ardhi kavu, nikakuambia mvua imeyasogeza machache nami nimeyapanga upya. Uliniamini, kwa kuwa mimi ni kaka yako na mzee wa kanisa. Tangu hapo kila mwaka umepanda basi kupitia Dumila na ufagio wako na kifuko cha unga, na mimi nimesimama kando yako nikiombea mahali pasipo na mtu. Mwaka mmoja nilikuambia mbele ya watoto kwamba unga ni mambo ya kishenzi, lundo la mawe halili. Ulilia. Nilikuacha ulie.

Kwenye kikao cha Pasaka ulionyesha ile sehemu tambarare chini ya lundo, ukasema kaka atalala hapa, miguuni pa Bibi. Optatus akapima kwa macho akasema mjomba ni mrefu, shimo litawatoa jasho. Wote tulicheka, nami nikacheka. Bibiana, hapo ndipo Bibi alipo. Jembe la mwanao litakuta mifupa yake.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita nilimwamuru Optatus anipakie kwenye pikipiki yake hadi Berega. Alinigombeza njia nzima. Kisiki cha mparachichi ambao Bibi alikuwa akikaa chini yake bado kipo, nikapima kuanzia pale, nikasimika vigingi pande zote nne. Sikumwambia ni vya nini. Neno hili ni lako kwanza.

Yafuatayo ni maagizo, usinibishie. Mawe ya ukutani yaacheni. Wapo watoto wanaolala chini yake. Ukitaka kuweka maji au unga pale, weka, sina tena mdomo wa kukukataza. Lile lundo livunjeni, mawe yake myashushe yote mkamfunike Bibi ndani ya vigingi. Chini ya lundo ni udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Nizikeni hapo.

Nisalimie shemeji yangu Bonifas, umwambie deni la bao analonidai la kufungwa mara ya mwisho nalikubali. Msalimie Angela na wajukuu. Loveth atakuja, mpokee, wala usimlaumu kwa lolote.

Mahali pale umepafagia miaka yote pakiwa hapana mtu. Safari ijayo utamkuta mtu, naye ndiye aliyekudanganya. Njoo na ufagio wako. Ukitaka kunisema, kaa hapo kando yangu uniseme mpaka uchoke, sitakukatiza.

Mungu akutunze, na mguu huo uupumzishe.

Ni mimi kaka yako,
Abeli