Mbuzi Aliyekula Mwavuli

Jumatatu, 12 Mei

Filamu ya mbuzi imezuiwa. Mwenyekiti wa bodi ya filamu katangaza redioni asubuhi, nikiwa napiga mswaki. Sababu aliyotoa: "uchambuzi wa kina wa mwandishi mkongwe." Mwandishi mkongwe ni mimi. Uchambuzi wa kina ni utani!

Niandike kwa mpangilio. Pale chumba cha habari tuna shindano: unachukua filamu isiyo na hatia, unaitafutia maana iliyojificha, ile isiyowezekana kabisa, unaandika insha bila kutabasamu. Mwandishi wa michezo alithibitisha kwamba filamu moja ya mapenzi ni mwongozo wa kufuga nyuki. Mimi nikachukua ya watoto: mbuzi anaokota mwavuli, anautunza, mwishowe anaula. Nikasema njiti nane za mwavuli ni wizara nane, na mbuzi anawafundisha watoto kuitafuna serikali. Nikashinda. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani, akasema tuichape Jumamosi.

Sentensi yangu ya mwisho ilikuwa: "Hakuna neno la kweli hapo juu, hii ni filamu ya mbuzi." Gazetini haimo. Mahali pake kuna tangazo la magodoro.

Jumanne, 13 Mei

Nimemfuata msanifu kurasa. Hata kichwa hakuinua. Kasema tangazo lilichelewa kuja, akakata mkia wa makala, ile sentensi ya mwisho, kama siku zote. "Si wewe uliyetufundisha, mama? La muhimu juu, chini makombo."

Nilitamani kumrushia kiti. Ni kweli, nimewafundisha wote hivyo. Kwa habari! Si kwa utani!

Mhariri: hakuna masahihisho. Mwaka huu hatujasomwa hivi, na gazeti likikiri lilikuwa linatania, nani ataliamini kesho? Nikamwuliza leo anaaminiwa kwa lipi. Akaniambia nifunge mlango nikitoka. Nimeufunga. Fundi ameitwa kutazama bawaba.

Jumatano, 14 Mei

Mwongozaji wa filamu kanipigia simu. Sauti ya chini, mbaya kuliko kelele.

"Dada, nilikukosea nini?"

Ni filamu yake ya kwanza. Ilikuwa ianze kuonyeshwa shuleni wiki hii. Wenye kumbi za sinema nao wameshabandua mabango. Mpiga picha wake karudi kurekodi harusi. Nikamweleza habari ya shindano. Akasema: kumbe mlikuwa mnacheza.

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Hakuna tusi lililonikaa hivi.

Nikamwuliza — mazoea tu — kwa nini mbuzi anakula mwavuli. Hawakupanga, kasema. Aliula mwenyewe, siku ya pili ya kurekodi, na mwavuli ulikuwa huo huo mmoja. Ikabidi wabadili mwisho wa hadithi pale pale, mbuzi akiwa bado anatafuna.

Ijumaa, 16 Mei

Kwa mwenyekiti wa bodi. Kanipokea kwa soda na heshima zote. Nikamwambia ni utani tangu neno la kwanza. Akainuka, akafunga dirisha, akanong'ona: "Sema tu, mama. Wamekutisha?"

Nikampa nakala yangu, yenye sentensi ya mwisho. Kaisoma, akatikisa kichwa kwa huruma. Hii wamekulazimisha kuiongeza, kasema, maana gazetini haikuwamo. Mtu mzima na kiti chake! Tena kaitazama filamu upya, kaona na kengele shingoni mwa mbuzi. Anataka nimfafanulie kengele.

"Ni kengele ya mbuzi," nikasema.

"Ndiyo," akasema, huku anaandika. "Hivyo hivyo ndivyo watakavyojitetea."

Soda sikuigusa.

Jumapili, 18 Mei

Bodi inakaa kesho kuamua kama filamu ipigwe marufuku moja kwa moja. Nimeitwa kama mtaalamu — wa kwao! Mhariri katuma ujumbe: nisimamie kila neno la insha, la sivyo Jumanne nisijisumbue kuja kazini. Sijamjibu. Majibu niliyonayo hayachapiki.

Nimempigia mwongozaji. Nikamwuliza kama ule mwavuli upo.

"Upo. Mpini na njiti. Kitambaa kiliisha."

"Njiti zote nane?"

"Nane za wapi, dada? Ni kumi. Kwani hukuhesabu?"

Sikuhesabu. Mimi! Nao wamezuia filamu bila kuhesabu.

Nikamwambia aje nao. Kaniuliza nitakaa upande gani wa meza. Wako, nikasema. "Tutaona," akasema, akakata simu.

Kesho, saa nne asubuhi, ukumbi wa bodi. Msemaji wa kwanza ni mimi. Nitaanzia mkiani, pale palipokatwa.