Masanduku ya Fundi Ausi

Nachingwea,
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu kabla barua haijaendelea, maana nikifika katikati nitasahau adabu. Goti lake linaendeleaje na baridi ya Kasulu? Na jicho lako la kushoto, bado linaona ukungu, au yale matone yamesaidia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, homa sina.

Anjela, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Soma taratibu. Utakuta mahali ambapo utatamani kuruka kwa ajili yangu. Usiruke.

Naandika kwa sababu kwenye simu nimekudanganya mara tatu, Baba. Kila ukiuliza kazi inakwendaje, nasema vizuri. Mara ya mwisho ukacheka, ukasema unawaambia wenzako pale dukani kwamba binti yako amekupita, kwamba wewe uliishia kutengeneza redio na yeye anafunga muziki wa ukumbi mzima. Nikakata simu nikasingizia salio.

Kama unavyojua, nililetwa huku kufunga muziki katika ukumbi mpya wa starehe mjini Ruangwa. Mwenye ukumbi ni Bosi Mtenda, mnunuzi wa korosho, na alitaka kufungua kabla ya msimu. Aliniachia mimi nichague. Kitu kikubwa kilikuwa sabufa, zile spika za sauti nzito ambayo mtu huisikia kifuani kuliko masikioni. Nilichagua spika nne za inchi kumi na nane kutoka Dar, ila masanduku yake nikashauri yatengenezwe huku huku. Nilijivunia ushauri ule.

Ndivyo nilivyomjua Fundi Ausi. Ni seremala wa hapa Nachingwea. Nyumbani kwake ni Naipingo, huja mjini kila asubuhi kwa baiskeli. Umri wake ni kama wako. Nilipompa michoro aliigeuzageuza, akauliza, "Ndani yanakaa nini?"

"Hewa tu, mzee."

"Hewa tu?" Akamgeukia seremala mwenzake. "Nimeshatengeneza kabati la nguo, la vyombo, la vitabu vya misheni. Leo natengeneza kabati la hewa."

Walicheka sana. Lakini nilipomweleza kwamba sanduku likivuja, sauti nzito inakufa, hakucheka tena. Kila kiungo alikijaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa mpaka kidole hakioni mshono. Alipomaliza tuliweka chetezo cha ubani ndani ya kila sanduku, tukaziba matundu kwa ubao, tukakaa kutazama. Haukutoka moshi hata wa kuonyesha mtu. Nilimwambia, "Mzee, hii ni kazi." Alikunja miwani yake, na nilimwona amefurahi.

Ruangwa niliyapanga mawili kulia kwa jukwaa na mawili kushoto. Upande wa kulia waya wangu mwekundu na mweusi ulitosha. Upande wa kushoto uliishia njiani, nikauunganisha na waya wa umeme wa nyumba, wa kahawia na bluu. Nilifanya kiungo, nikaenda kula, nikarudi nikamalizia kwenye spika. Baba, nadhani wewe umeshaelewa.

Siku ya kujaribu ilikuwa Alhamisi, alasiri. Bosi alikuja na marafiki zake, na madereva wa bodaboda wakajaa mlangoni. Fundi Ausi naye alisafiri kutoka Nachingwea kuja kusikia, amevaa kanzu nyeupe kama anakwenda Ijumaa. Bosi akasimama katikati ya ukumbi, akanipungia mkono niwashe.

Muziki ulitoka mwembamba. Niliongeza sauti, ukazidi kupiga kelele bila uzito.

"Mbona una koo, hauna tumbo?" bosi akauliza. Marafiki zake wakacheka.

Salumu, mmoja wa wale madereva, akapaza sauti kutoka mlangoni, "Dada, mbona huku panagonga? Njoo usikie, ukuta unatetemeka!"

"Huo ni mwangwi," nilimjibu. Hata sikwenda kusikiliza. Mtu mwenye cheti changu aitwe na bodaboda akasikilize ukuta?

Bosi akasema, "Basi tuambie wewe msomi. Tatizo nini?"

Watu wote walinitazama mimi, na nilitaka macho yale yaende kwa mtu mwingine. Nikasema, "Masanduku yanavuja. Kazi ya fundi siyo."

Fundi Ausi alisogea mbele. Hakupandisha sauti. "Binti yangu, kwa moshi uliyapima wewe mwenyewe."

Nikamwambia, "Moshi siyo kila kitu, mzee."

Baba, ningeweza kuisahau ile sentensi ya kwanza. Hii ya pili nimeisikia kila siku tangu pale.

Bosi aliagiza masanduku mapya kutoka Dar. Ya Fundi Ausi yakapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, mchana kweupe, watu wakitazama, naye akakaa nyuma pamoja nayo, ameshikilia kanzu yake isiguse matope. Habari ilifika Nachingwea kabla yake. Wakamwita Fundi Kuvuja. Milango ya zahanati aliyokuwa ameahidiwa wakampa mwingine, wakisema mtu anayeshindwa kufunga kasha ataweza kufunga mlango?

Masanduku ya Dar yalipofika, niliyafunga kwa nyaya zilezile. Nikawasha, nikasimama katikati. Muziki ulikuwa mwembamba vilevile.

Nilikaa sakafuni. Baadaye nikachukua betri ya tochi, nikagusisha nyaya upande wa amplifaya, kama ulivyonifundisha nikiwa darasa la nne na ile redio ya katekista. Spika za kulia zikasukuma mbele. Za kushoto zikavuta nyuma. Anjela, maana yake ni kwamba upande mmoja ulipopuliza hewa upande wa pili ulikuwa unaivuta, na pale katikati sauti zikafutana, ila kule mlangoni kwa Salumu zilisikika. Niligeuza nyaya mbili tu kwenye kile kiungo. Besi ikapiga mpaka vumbi likadondoka darini.

Bosi alikuja anakimbia. "Umeona! Si unaona! Masanduku ya Dar!" Akanishika mkono. Nilitabasamu, Baba. Hilo nalo lisome, Anjela. Nilitabasamu, na nikakaa kimya siku nne.

Siku ya tano nikaenda Naipingo. Mke wa Fundi Ausi alinikaribisha ndani bila kuniuliza jina. Kwenye kona ya sebule niliona masanduku matatu yamelazwa chali, matundu juu, yamefunikwa kanga. Nikauliza kuna nini. "Ufuta wa mbegu," akasema. "Mwaka huu hatukupoteza hata punje." Alisema kama anavyosema mtu kuhusu chombo kizuri. Ufuta, Baba. Unajua ulivyo mdogo.

Fundi Ausi alipoingia nilimwambia nikiwa nimesimama: waya, betri, kosa langu. Nilitarajia anitukane. Alikaa, akasema, "Lile la nne nililipasua. Nilitafuta panapovuja siku tatu, sikupaona. Nikamwambia huyu mama, basi macho yangu yamekwisha. Kazi ya kufunga viungo nikaiacha. Sasa hivi natengeneza vigoda."

Aliniamini mimi, Baba. Aliniamini kuliko mikono yake.

Nikaomba msamaha. Akaniambia, "Nimekusikia. Lakini siku ile ukumbi ulikuwa umejaa. Leo tuko watatu."

Nilirudi Ruangwa nikamweleza bosi. Aliniambia nisiwe mtoto, watu wanakuja kwa ajili ya masanduku ya Dar, ameshatangaza, nikisema neno nifungashe. Juzi Ijumaa alasiri, alipowakusanya jamaa zake kuwaonyesha muziki, nilishika kipaza sauti. Nikasema kosa la siku ile lilikuwa la waya na waya niliuunga mimi, na masanduku ya Fundi Ausi hayakuvuja kamwe. Sauti ilitoka safi, kila mtu alisikia.

Halafu Salumu, aliyekuwa tena mlangoni na wenzake, akapiga kofi paja lake. "Si nilikwambia? Si nilisema huku mlangoni panagonga!" Wenzake wakamcheka na kumpongeza, na mazungumzo yakawa ni ya Salumu na masikio yake. Bosi alininyang'anya kipaza sauti. Nimefungasha.

Jana nilikuja hapa Nachingwea kumwambia Fundi Ausi kwamba nimesema. Nilimkuta kwenye banda lake anapiga randa mguu wa kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, binti yangu," akaendelea na randa. Nikamwambia ninaweza kupita duka kwa duka, kwenye zahanati, popote. Kabla hajajibu akapita mwanamke na ndoo kichwani, mama wa makamo, mtu wa heshima, akaita bila ubaya wowote, kama anayetaja jina alilopewa fundi na wazazi wake, "Fundi Kuvuja, habari za asubuhi!"

Naye akainua kichwa akamjibu, "Njema, mama."

Sijui bado nitarudi lini Kasulu. Kesho naanzia zahanati, kisha nyumba kwa nyumba hadi aniambie niache. Lakini wewe, Baba, usiwaambie tena watu wa dukani kwamba nimekupita. Waambie nilisahau betri.

Msalimie Mama, na mama mdogo wa Makere anayetuombea kila jioni, na shemeji fundi baiskeli. Katekista mwambie ile redio yake naikumbuka. Anjela, ahsante kwa kusoma yote.

Mwanao anayekuwaza,
Editha