Gazeti la Kufungia Nyama

Jumatatu, 10 Septemba 1984

Burma tena, soko la nyama. Saa nne mpaka saa saba, kurasa sita. Mutisya wa buchari ananunua gazeti la kufungia nyama, lakini halifungi hata utumbo kabla mimi sijalisoma. Sheria yangu hiyo. Malipo ni ubavu mmoja wa kuchoma, na chumvi. Shule niliiacha darasa la saba, na bado wazee wenye mvi wananyamaza nikifungua mdomo. Gazeti ni la Kizungu, wao Kizungu hawana, mimi ninacho. Wananiita Redio.

Habari za leo. Waziri anasema njaa haipo, kuna upungufu tu. Picha yake iko hapo hapo juu ya maneno. Shingo hana, kidevu kimekalia tai. Niliwaambia anasema kweli, zamu yetu ya kula amekula yeye. Walicheka, halafu wote wakaangalia mlangoni. Siku hizi ukimcheka waziri lazima uangalie mlango.

Mvua imekataa. Ng'ombe wa Ukambani wanaletwa Nairobi ngozi na pembe, wauzwe kabla hawajafa wenyewe. Kwa hivyo nyama bei chini, unga hakuna. Watu wanatafuna nyama bila ugali na kulia kama wafungwa. Mimi niko fiti.

Rukia amenipita leo bila salamu. Ni binti wa Mama Rukia, mwenye duka la unga na mafuta, mlango wa nne kutoka kwetu hapa Mbotela. Mwezi wa saba nilimwambia kwa Kizungu kwamba yeye ni mzuri. Akacheka. Akaniita msomi wa nyama, tena mbele ya wenzake wote bombani. Siku za Idi watu wa Eastleigh wamekuja kumposa. Bwana harusi ana duka la vitambaa na tumbo la mbele. Harusi mwezi wa kumi. Haya.

Jumanne, 11 Septemba

Siku yangu leo. Niandike yote.

Meli imefika Mombasa na mahindi kutoka Marekani. Mahindi ya njano. Hapa hakuna aliyewahi kula ugali wa njano. Mutisya akauliza, yanaliwa hayo au ni ya kuku? Gazeti liliandika hivi, neno kwa neno: fit for human consumption. Wote wakanitazama mdomo.

Kichwa changu si cha kuchezewa. Nilikumbuka somo la afya. Fits ni kifafa, tuliandika ubaoni. Consumption ni kifua kikuu, jina lake la zamani, lilikuwa kwenye kile kitabu kilichoraruka cha Mwalimu. Human ni binadamu, hiyo hata mbuzi anajua. Nikapanda juu ya kreti ya soda. Nikatangaza: mahindi ya njano yanampa binadamu kifafa na kifua kikuu, na gazeti limekubali.

Kelele kama soko limeshika moto. Mzee Nzioka, mchonga vinyago, akaweka mfupa chini.

"Redio, wameandika hivyo, wazi wazi?"

"Wazi kama meno yako, mzee."

Ana mawili.

Leo nimepewa mbavu mbili. Ule ukurasa sikumwachia Mutisya. Nimeuchana, uko mfukoni, mafuta yameshaingia.

Alhamisi, 13 Septemba

Habari imekimbia kuliko mimi. Mbotela yote inajua. Nimeisikia kwa mwanamke aliyekuja kumwambia mathee, mama yangu, na imeongezwa upofu. Upofu sikusema mimi. Lakini sikuutoa.

Sasa sikia kichekesho. Mama Rukia amepanga foleni boharini siku mbili, akarudi na magunia matano ya unga. Unga gani? Njano! Ameupanga mbele ya duka, mizani imeng'arishwa, na hakuna anayekuja. Wanawake wanapita na mikebe mitupu, wanavuka upande wa pili wa njia. Nimewatungia watoto wimbo. Njano njano, kula uanguke. Wameushika mara moja, wana akili kuliko wazazi wao.

Mama Rukia alitoka na upawa mkononi.

"Mbwa koko wewe! Nani kakwambia unga wangu una maradhi?"

"Gazeti, mama."

"Gazeti la kufungia matumbo!"

Watu wakacheka. Walimcheka yeye au mimi, sijui. Nimeandika walimcheka yeye.

Jumamosi, 15 Septemba

Ameanguka.

Rukia mwenyewe. Saa tano asubuhi. Kuna wanawake watatu walikuwa wamelainika, njaa imewashinda, wamesimama dukani na mikebe. Rukia alikuwa anapima. Mkono ukasimama hewani na kijiko cha unga. Macho yakageuka. Akaenda chini kama gunia, kichwa kikagonga mguu wa mizani. Miguu inapiga ardhi. Povu. Unga wa njano umemwagika usoni na kwenye buibui.

Waliruka nyuma wote. Hakuna aliyemshika. Povu likikugusa na wewe unaanguka, kila mtu hapa anasema hivyo. Mama yake peke yake alipiga magoti, akamfunika kwa leso, akamlaza ubavu. Alikuwa hababaiki. Aliweka mkono chini ya kichwa cha mtoto kama mtu anayejua kazi.

Na mimi? Nilipanda juu ya jiwe. Nikapiga kelele, "Si nilisema? Si nilisema?" Watu wakanigeukia mimi, wakaacha kumtazama yeye. Nimeona wanaume wazima wananiogopa. Raha yake siwezi kuieleza.

Nilimwona kiatu kimoja kimetoka. Soksi ilikuwa na tundu kwenye kidole. Manzi wa kuolewa Eastleigh.

Jumapili, 16 Septemba

Baada ya kanisa akina mama wa Mbotela walikwenda dukani. Magunia manne yaliyobaki yamepasuliwa kwa visu vya sukuma wiki na kumwagwa mtaroni. Mama Rukia alisimama kwenye mlango, akatazama. Kuku wa mtaa mzima wamekula mpaka wamechoka. Niliwatazama muda mrefu. Hakuna kuku aliyeanguka.

Watu wa Eastleigh wamepata habari. Inasemekana watakuja Ijumaa baada ya swala, kuuliza.

Jumanne, 18 Septemba

Siku mbaya, kisha nzuri.

Mbaya: Baba Kanini. Karani wa baraza la jiji, kalamu mbili mfukoni, viatu vinang'aa. Alinikuta bombani, akaomba kuona ule ukurasa. Akausoma. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Kijana, fit ni fiti. Fiti! Si ndiyo neno lako kila siku? Niko fiti, niko fiti. Na consumption hapo ni kula. Wamesema yanafaa kuliwa na binadamu."

Nilihisi masikio yanawaka. Nikamuuliza mbona hakusema mapema, unga ukiwa bado kwenye magunia. Akaangalia nyuma yake. Akasema yeye mambo ya serikali na chakula hayasemi mbele ya watu, ana kazi na ana watoto. Akachukua ndoo yake akaenda. Mwoga wa kusoma. Afadhali mimi mjinga wa kusema. Hapana, hiyo futa. Mimi si mjinga.

Nzuri: magharibi Mama Rukia alibisha kwetu. Ameleta sahani ya halua, imefunikwa kitambaa. Aliyeniita mbwa koko leo ananiita mwanangu. Nilimwacha asimame kidogo kabla ya kumpa kigoda.

Akanieleza polepole. Rukia anaanguka tangu ana miaka saba. Mara mbili kwa mwaka, mara tatu. Wamehama mitaa miwili kwa ajili hiyo. Watu wa Eastleigh hawajui. Wakijua ni ugonjwa wake, posa imekufa, na hapa mjini hatapata mwingine. Lakini kama ni unga, basi mtoto ni mzima, alikula kitu kibaya tu.

"Ijumaa uje na gazeti lako, mwanangu. Wasomee vile vile ulivyosoma Burma. Duka nitalifunga, niseme mimi ndiye niliyemlisha. Watakuamini. Watu wote wanakuamini."

Alijua kwamba si kweli? Nadhani alijua. Hakuuliza. Nilimwambia nitakuja. Halua nimeimaliza peke yangu, mathee nimemwachia sahani.

Tazama mambo. Wiki iliyopita neno langu lilimmaliza. Wiki hii analipigia magoti neno lile lile. Waziri hana nguvu hizo.

Alhamisi, 20 Septemba

Nilipiga pasi shati. Nilifanya mazoezi ya kusoma mbele ya kioo, sauti nzito. Nilikuwa nimeamua kwa moyo mweupe kabisa. Naandika hili nisije nikajisahau baadaye: nilikuwa nimeamua kumsaidia.

Halafu nikakutana naye nyuma ya nyumba, anaanika nguo. Ana alama ya jeraha kwenye paji. Nikasimama, nikangoja asante yangu. Nilidhani atalia.

Aliendelea kuanika. Akasema bila kunitazama, "Mimi nimefika fomu tu, kidato cha pili, unajua. Fit naijua. Tangu siku ya kwanza naijua."

Nikamwambia, kwa hivyo?

"Kwa hivyo kesho soma ulivyozoea. Angalau mara moja ujinga wako upate kazi."

Akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani.

Ujinga. Mimi. Mtu niliyepiga pasi.

Ijumaa, 21 Septemba

Nilikwenda.

Chumba kimepambwa. Vitambaa vya kufuma juu ya makochi, birika la chai, vikombe vya wageni. Bwana harusi hakuja, amekuja mjomba wake, kanzu nyeupe, miwani, na wanawake wawili. Mama Rukia ameninunulia soda. Rukia amekaa pembeni, leso mpaka kwenye paji ili kufunika lile jeraha.

Mjomba alikuwa mtu mstaarabu. Alisema, "Tumesikia mengi njiani. Tunataka kusikia lililoandikwa."

Nikatoa ukurasa. Mafuta yameulowesha mpaka unapitisha mwanga. Nikasoma Kizungu kwanza, taratibu, kila neno na nafasi yake. Fit for human consumption. Nikainua macho. Mama Rukia alikuwa ananitazama na mdomo wake unatembea pamoja na wangu, kama anaomba.

Nikasema, "Maana yake, mzee, mahindi ya njano yanafaa kuliwa na binadamu."

Mjomba akavua miwani.

"Yaani hayana ubaya?"

"Hayana, mzee. Ni fiti kabisa."

"Hayaangushi mtu?"

"Hata kuku."

Maisha yangu yote ya kusoma magazeti, hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesoma sawasawa.

Mjomba alimgeukia Rukia. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokata maneno. Akaweka kikombe chini, chai hajaigusa. Akasema mambo yote ni ya Mungu, watatuma mtu kuja kuzungumza. Wanawake wake wakainuka pamoja naye. Mmoja alishika buibui lake lisiguse kochi.

Mama Rukia hakunifukuza. Hakunitukana. Alianza kukusanya vikombe, akaviweka juu ya sinia kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vimejaa.

Rukia ndiye aliyesema. Sauti ya kawaida tu, kama anauliza saa.

"Umejifunza leo?"

Soda niliiacha nusu.

Jumamosi, 22 Septemba

Mtu wao amekuja. Amechukua sanduku la posa. Alilibeba begani mchana kweupe, Mbotela yote inatazama.

Burma sikwenda.

Alhamisi, 4 Oktoba

Wamehama Jumatatu. Mkokoteni mmoja. Wengine wanasema wamekwenda Thika, wengine Mombasa. Duka amechukua Mkamba mwenye redio kubwa. Anauza unga wa njano. Laini inafika mpaka bombani, wanawake wale wale wa visu, na wanasukumana.

Burma walinikalisha tena kwenye kreti. Meli nyingine imefika. Waziri yule yule, shati jingine. Niliwasomea kilichoandikwa, bila kuongeza. Mzee Nzioka alingoja, akadhani kuna zaidi. Akasema Redio imeisha mawe, itiwe betri mpya. Mutisya akafunga nyama na ukurasa wa kwanza kabla sijageuza wa pili. Ubavu alinipa, mdogo.

Mathee amesonga ugali wa njano jioni. Una utamu kidogo, kama umetiwa sukari kwa mbali. Alinikatia sehemu kubwa, akaniuliza niko fiti. Nilitikisa kichwa, hata sijui nilikubali au nilikataa.

Siku ya tatu leo nakula njano. Sijaanguka.