Pesa za Kumrudisha Arasa

Kampi Nambari Saba,
Njia ya Kimulot,
S.L.P. Kericho.
Jumamosi, 20 Februari 1999.

Kwa dada yangu Janefer,

Nakusalimu wewe na watoto wote, na baba mkwe wako, na kila mtu aliye hapo bomani. Natumaini mikono inayopokea barua hii ina nguvu. Mtoto mchanga anaendeleaje? Ogari aliporudi kutoka nyumbani aliniambia anakohoa. Tafadhali usimtoe nje asubuhi kabla umande haujakauka. Na Atuti, amerudi shuleni? Mwambie mjomba wake amemwekea kalamu mbili, na huyu Ogari anayekuletea barua atampa.

Mimi mwili hauna shida. Jua limekuwa kali tangu Krismasi na majani chai ni machache. Mtu anazunguka shambani kutwa nzima na kikapu bado ni chepesi. Jana nilipima kilo kumi na tisa, na nyapara akaniuliza kama nilikuwa nachuna au nasali. Lakini hayo ni ya kawaida. Nimekuandikia salamu ndefu, dada, kwa sababu naogopa kufika kwenye maneno yenyewe.

Najua unamngoja shemeji. Najua baba mkwe wako amejenga kibanda cha wageni na majirani wanauliza kila siku gari litafika lini. Katika barua mbili nilikuambia ngoja kidogo, pesa ziko karibu. Leo nataka kukueleza yote tangu mwanzo, na tafadhali usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Unajua sisi tuliotoka Kisii, hapa kampini tuna chama cha mazishi. Tuko watu sitini na wanne. Kila mwisho wa mwezi mtu anatoa shilingi hamsini, ili mmoja wetu akifa asizikwe kwenye ardhi ya wenyewe, arudishwe kwao. Zamani pesa zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mzee Kebaso, mwenyekiti wetu. Kisha miaka mitatu iliyopita watu wa benki walikuja hapa na gari la kipaza sauti. Walitupa kalenda, wakasema sanduku linaweza kuungua au kuibwa lakini benki haiwezi, kwa sababu serikali iko nyuma yake. Kebaso hakutaka. Alisema sanduku lake analijua hata gizani, na hiyo benki hajui inalala wapi. Mimi ndiye niliyesimama nikawaambia wazee waache mambo ya kale. Wakanisikiliza kwa sababu nilifika darasa la saba na wengi wao hawakufika popote. Tukafungua akaunti, sahihi zikawa tatu: Kebaso kwa kidole gumba, mama Sellah ambaye ni mweka hazina, na mimi kama katibu.

Shemeji Arasa alikuwa wodini wiki ya pili benki ilipofungwa, mwezi wa kumi na moja. Wanachama walikubali tumkopeshe pesa za matibabu, tukaenda kuzitoa tukakuta mlango una mnyororo na karatasi imebandikwa. Niliporudi hospitalini kumwambia, alicheka mpaka kifua kikamuuma. Alisema basi amekatazwa kufa mpaka benki ifunguliwe. Nakuandikia haya ili ujue kwamba hata siku zile alikuwa yule yule. Siku tisa baadaye akafa.

Bili ilikuwa elfu arobaini na moja, na mochari ikaongeza shilingi mia mbili kila siku. Hospitali ikasema mwili hautoki mpaka bili ilipwe. Sisi tulikuwa na elfu themanini na sita na mia nne. Zingetosha bili, jeneza na pikapu ya kumfikisha nyumbani, na chai ya waombolezaji pia. Zilikuwa pale ndani ya ule mnyororo.

Ndipo redio zikaanza kusema kilichotokea. Benki haikuungua wala haikuibwa na mtu wa panga. Wakubwa walikopa mamilioni kwa mamilioni bila dhamana, wengine kwa majina ya kampuni ambazo hazina hata ofisi, na hawakurudisha. Kisha tukasikia serikali itaiokoa benki kwa pesa za umma. Pesa za umma ni ule ushuru wa sukari yangu na sabuni yako, dada. Tulifurahi hata hivyo. Tulisema waiokoe, bora Arasa aende nyumbani.

Bwana D.O., mkuu wa tarafa, aliita baraza. Tulikuwa wengi, sisi wa kampini na Wakipsigis, wenyeji wenye mashamba, na ilikuwa ajabu kidogo, kwa sababu miaka hii watu wa pande hizi mbili wanatazamana kwa pembe ya jicho. Siku hiyo tulikuwa kitu kimoja. D.O. alisema tuishukuru serikali kwa kuwa benki haijafa. Mkulima mmoja wa Kimulot anayeitwa Kimeli, ambaye bonasi yake yote ya chai ilikuwa humo, alisimama na kofia mkononi akauliza hao waliokopa ni akina nani. D.O. akajibu kwamba majina ni siri ya benki. Kimeli akasema kwamba yeye alipochelewesha mkopo wa mbolea wa shilingi elfu nne, jina lake lilibandikwa ukutani kwa chifu, pamoja na la baba yake ambaye alikwisha kufa, na hakuna aliyesema ni siri. Watu walipiga kelele mpaka polisi wakashika rungu zao. D.O. alisema baraza limefungwa, akaingia kwenye gari.

Tukaandamana mpaka mlango wa benki. Mama Sellah alimuuliza askari wa mlangoni analinda nini, kuta? Askari alisema mama, hata mimi mshahara wangu wa miezi miwili uko humo. Hapo hatukujua tumtukane nani. Tulisimama mpaka jioni, tukarudi.

Mwezi wa kwanza katikati, benki ikafunguliwa. Serikali ilikuwa imeweka mabilioni. Kimeli alikuwa kwenye foleni mbele yangu na alisema ng'ombe wake akiugua anamwita daktari, lakini benki ikiugua wanaita watu waje watoe damu. Kila mtu alicheka. Tulidhani siku ile ile tutapewa pesa. Kumbe tulipewa fomu. Zilikuwa za rangi mbili, nyeupe na ya manjano, na zote za Kiingereza. Kimeli alichukua mbili akaenda nazo kando, kwa binti yake Chepkorir ambaye yuko sekondari. Mimi nilikuwa mezani tayari, na Kebaso na Sellah nyuma yangu.

Sasa dada, sikiliza. Karani alikuwa msichana mwenye heshima. Aliniuliza kama nataka anieleze, au nitasoma mwenyewe. Aliniuliza mbele ya Kebaso na Sellah, na mbele ya watu wote wa kampi waliosimama wakinyoosha shingo. Mimi ndiye katibu. Mimi ndiye niliyewaambia waache sanduku. Nilimwambia nitasoma. Nikaishika fomu ya manjano kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu, nikaitazama kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, polepole, na nikageuza upande wa pili pia. Nilielewa neno la pesa na neno la benki na tarehe. Mengine sikuelewa. Karani akauliza kama nimeelewa, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo. Sellah akaniuliza inasema nini, nikamwambia inasema tutalipwa kwa siku thelathini, kwa maana hayo nilikuwa nimesikia watu wakisema kwenye foleni. Nikatia sahihi. Sellah akatia. Kebaso akabonyeza kidole. Akafurahi, akanishika bega, akasema ni vizuri kuwa na kijana aliyesoma.

Nilikwenda hospitalini moja kwa moja. Msimamizi alikuwa amebandika orodha ya maiti ambazo hazijachukuliwa, kwamba zitazikwa na baraza la mji, na Arasa alikuwa wa sita. Nilimwambia benki italipa, tarehe imeshajulikana. Alikuwa mtu wa kusikia. Alisema atangoja mpaka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, siku moja zaidi hawezi. Ndiyo maana nilikuandikia ungoje.

Tarehe kumi na moja nilikwenda benki. Kimeli alikuwepo na alilipwa, alihesabu noti zake mara mbili akatia soksini. Mimi niliambiwa hakuna kitu. Nilidhani wamekosea. Chepkorir aliomba nakala yangu akasoma kimoyomoyo, na baba yake akamwambia asome kwa Kiswahili. Fomu nyeupe ilikuwa ya watu wadogo wenye chini ya laki moja, walipwe zote. Ile ya manjano ilikuwa ya kukubali kwamba pesa zako zimekuwa hisa za benki, na huwezi kuziuza kabla ya miaka mitano. Sasa chama chetu cha mazishi ni mwenye benki, dada. Tuko pamoja na wale wakubwa.

Siku iliyofuata, ile tarehe kumi na mbili yenyewe, nilishinda ofisini kwa meneja. Nilimwambia sikuelewa. Akatoa karatasi akanionyesha mahali nilipoandika kwamba nimesoma na kuelewa. Alisema sahihi ni sahihi. Nilimuuliza na wale waliotia sahihi za mamilioni, sahihi zao ni nini? Alisema hayo si mambo ya ofisi yake, akamwita askari.

Jumatatu asubuhi nilichukua ile elfu kumi na moja na mia mbili iliyochangwa kampini, na elfu tisa mlizotuma baada ya kuuza ng'ombe, nikaenda kumpigia msimamizi magoti. Nilichelewa. Walikuwa wametoka kuzika alfajiri. Mhudumu wa mochari alinipeleka mpaka makaburi ya mji kwa huruma yake tu. Ni shimo moja, dada. Wako watu tisa. Udongo ulikuwa mkavu na umelundikwa juu, hakuna msalaba, kuna kijiti chenye nambari ya shimo. Nilimuuliza shemeji yuko upande gani. Alisema hakuna anayeandika hilo.

Arasa hatarudi. Nimeliandika sasa. Kwetu mwanamume analala upande wa kulia wa nyumba yake, na mimi nimemwacha mahali ambapo hata kichwa chake sijui kimeelekea wapi. Ni serikali, na ni benki, na ni wale wenye majina ya siri, nakubali, na nitawalaani mpaka nife. Lakini wote hao walikuwa wameacha fomu nyeupe mezani, na mkono uliochukua ya manjano ni wangu. Ningesema tu sijui kusoma Kiingereza hiki. Ni maneno machache.

Hapa kampini sijamwambia mtu. Wanadhani benki imechelewa na hospitali imetuongezea muda. Kimeli na binti yake wanajua ya fomu peke yake; wewe ndiye wa kwanza kujua yote. Ogari anakuletea bahasha yenye elfu ishirini na mia mbili, haijapungua hata shilingi. Ng'ombe wenu yumo humo, na za watu wa kampi nitawaambia nimekupa wewe na watoto. Naomba umwambie baba mkwe wako kabla hajasikia kwa wengine. Mwisho wa mwezi nikipata ruhusa nitakuja, nitasimama mbele yake na mbele ya ndugu za Arasa, wanifanye watakavyoona. Kama wewe hutaki kuniona, mwambie Ogari, sitakuja.

Kuna jambo moja sijui nifanye nini nalo. Kesho Jumapili wanachama wote wanakutana, pamoja na watu wa Kimeli. Wamekubaliana wapeleke barua kwa serikali, kuuliza pesa zilikwenda wapi, na kwamba kila aliyetia sahihi ajitokeze kwa jina lake ajibu. Mzee Kebaso amesema inanifaa mimi kuiandika kwa kuwa nimesoma, na wote wakapiga makofi. Karatasi wameninunulia, ziko hapa mezani chini ya hii ninayokuandikia. Nimejaribu mara tatu kuanza hiyo yao, nikaona siwezi kuandika mstari wa pili kabla ya kukuandikia wewe. Na sasa nimekuandikia, na bado siwezi.

Wasalimie watoto kila mmoja kwa jina lake. Msalimie mama ukienda kwake, usimweleze yote kwa mara moja, moyo wake si mzuri. Mwambie baba mkwe wako ninamwinamia. Mungu akulinde wewe na huyo mdogo ambaye baba yake hakumwona.

Mimi ndugu yako uliyenibeba mgongoni,

Phelix Sagini,
Katibu, Chama cha Mazishi.