Magunia Matatu Chini ya Kitanda

Mwalimu Inyasi,

Balozi wako wa nyumba kumi, Mzee Klemensi, amesema jana kwamba yale magunia hakuyafungua. Amesema hayo akiwa ameketi kwenye kigoda uani kwako, Uru, saa nne asubuhi, mbele ya mkeo na mbele yangu. Nilimwuliza mara mbili. Mara zote mbili alijibu kwamba aliyaona yamejaa, yamefungwa kwa kamba, chini ya kitanda, akageuka akaondoka.

Hayo ndiyo mapya. Mengine unayajua, ila nayaandika kwa mpangilio kama ulivyonifundisha, kwa sababu mara ya kwanza sikufanya hivyo.

Ulinifundisha katika ghala la kahawa la kijiji, darasa la elimu ya watu wazima. Vitabu havikutosha, ukatumia magazeti makuukuu uliyoomba kwa wenye bucha na wenye maduka, mengine yakiwa na madoa ya damu ya nyama. Mtu akimaliza kusoma habari, anabaki amesimama, na darasa zima linamwuliza: "Nani kaona?" Asipoweza kumtaja aliyeona, anakaa. Akina mama walitoka pale wakaenda kumwuliza katibu wa kijiji hivyo hivyo mkutanoni, na katibu alikuchukia kwa hilo. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote. Nilimkalisha hata mama yangu mzazi.

Nilipoajiriwa gazetini ulinisindikiza mpaka barabarani. "Huko watakuharakisha," ulisema. "Usikubali."

Miezi ile ya msako wa walanguzi, sukari ilipokuwa haionekani, Mzee Klemensi aliteremka mjini akanikuta mgahawani karibu na stendi. Akasema kwa Mwalimu Inyasi kuna magunia matatu, kayaona kwa macho yake. Nikauliza kama ni sukari. Akacheka. "Sasa wewe, mtu anaficha mahindi chini ya kitanda?" Mezani wote wakacheka, nami nikacheka. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara ya Uru inateleza, mhariri alitaka habari kabla ya saa kumi. Nikaandika sukari. Nikaandika kwamba imethibitishwa. Jina lako sikulitaja. Niliandika "mwalimu mmoja wa elimu ya watu wazima", nikataja kijiji, na kijiji kile kilikuwa na mmoja tu.

Polisi walikuja siku gazeti lilipotoka, wakakata kamba. Magazeti. Magunia matatu ya magazeti yako ya kufundishia, uliyoyahamishia nyumbani ili panya wa ghalani wasiyatafune. Ilitakiwa iishie hapo. Aliyewaongoza akasema umeshaihamisha sukari, na kwamba msomi kama wewe ndiye hasa angejua kuweka magazeti mahali pake. Wakakuchukua. Ulikaa siku kumi na tisa kwenye sakafu ya saruji, ukarudi bila mashtaka, na kikohozi. Hicho kikohozi ndicho kilichokumaliza.

Wanafunzi wako, uliowazoesha kuuliza nani kaona, hawakuuliza. Walikuita Mwalimu Sukari. Sokoni Kiboriloni wanawake walimwambia mkeo, "Mama Felista, tupimie hata kikombe basi, sisi si majirani?" Siku tuliyokuzika chai haikuwa na sukari, maana kijiji kizima hakikuwa nayo. Mzee mmoja nyuma yangu alionja, akaweka kikombe chini. "Hata leo anatubania." Waliomsikia walichekea puani. Mimi nilikuwa na daftari mfukoni, na nilijua kilichokuwa ndani ya magunia. Sikusema kitu.

Baadaye nilimwomba mhariri achapishe masahihisho. Alisema gazeti haliombi radhi kwa maiti, maiti hanunui gazeti. Ndipo jana nikachuma jani la sale nikapanda kwa mkeo, kama tufanyavyo Wachagga tukitaka radhi. Nilitegemea kwamba jani hilo halikataliwi. Nilimkuta Klemensi, mkeo alikuwa amemwita. Mama Felista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama mimi na jani langu.

"Sale ni la watu waliogombana," alisema. "Wewe na yeye hamkugombana. Wewe ulimwandika."

Hakulipokea. Nililishika mpaka mkono ukachoka, nikaliweka chini karibu na mguu wangu mwenyewe.

Akaingia ndani, akatoka na daftari lako. Habari yangu ulikuwa umeibandika humo kwa uji wa unga, ukaisahihisha kwa wino mwekundu, mwandiko tayari unatetemeka. Koma moja niliyoisahau uliiongeza. Kando ya sentensi ya kwanza umeandika "Nani kaona?" Kando ya ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka chini. Mwisho kabisa umeandika: "Somo la Jumamosi."

Mama Felista anasema Jumamosi hiyo ulifungua ghala ukakaa mpaka jua likashuka. Hakuja mtu.

Sasa ameamua somo hilo lifundishwe. Mimi nitasoma, wao watauliza. Klemensi aliinuka, akasema ana ng'ombe wa kukatia majani. Mkeo akamwambia akae. Klemensi ndiye atakayepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. "Wewe ukiwaambia huwa wanaamini," alimwambia. Klemensi akarudi kwenye kigoda, akakaa.

Kwaheri, Mwalimu. Sikuombi unisamehe, maana huwezi kujibu, na sitakutungia jibu. Naahidi jambo moja. Nitaisoma habari yangu neno kwa neno mbele ya waliokuita Mwalimu Sukari, nitabaki nimesimama, na wakiniuliza nani kaona nitasema hakuna. Hata mimi.

Ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, ghalani. Basi la Uru linaondoka stendi saa saba. Mvua ikinyesha, nitapanda kwa miguu.