Matundu au Roboti

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua mtumba wa mashati ya kiume. Afadhali kuliko wa wiki jana, ila kola nyingi zimechoka. Nimeuza nikiwa nimekaa. Nikisimama sana napata kizunguzungu. Dawa za mshipani nimezimaliza, na daktari anasema uvimbe wa tumboni umenywea kiasi cha kukatika. Sasa ni upasuaji.

Wateja wananisifu nimepungua. Mmoja ameniuliza nafanya dayati gani. Nikamwambia saratani. Akanunua mashati mawili bila kubishania bei.

Alhamisi, 7 Agosti

Kliniki, pamoja na binti yangu Rukia. Daktari wa upasuaji ni kijana, kucha fupi, hana papara. Anasema siku hizi tumbo hukatwa bila kupasuliwa lote, na njia ziko mbili. Ya kwanza anatoboa matundu madogo, anaingiza kamera na vyuma virefu, anavishika mwenyewe huku akitazama skrini. Hiyo anaifanya hapa. Ya pili ni matundu yaleyale, lakini vyuma vinashikwa na roboti na daktari anakaa pembeni akiiendesha. Mkono wa roboti hupinda vizuri na hautetemeki. Pia huchukua muda zaidi, na ni ghali.

Nikauliza ipi inaponya. Akasema kwa saratani ya tumbo tofauti inayoonekana hadi sasa ni ndogo. Pengine bila roboti damu hupotea zaidi kidogo. Kuishi, karibu sawa. Kubwa ni uzoefu wa anayekata, na kutokawia. La kukawia alilirudia.

Mimi nilielewa. Rukia hakuridhika, ametazama video njia nzima. "Mathe, hiyo robot inashona ngozi ya nyanya bila kuipasua. Ni noma." Mimi si nyanya.

Jumapili, 10 Agosti

Salim amepiga simu kutoka Mombasa. Ni mdogo wangu, anauza vipuri vya magari, na kwake kitu kizuri ni kile ambacho boksi lake halijafunguliwa. Anataka niende India, kwenye roboti. Hospitali ameshapata, wakala ameshaongea naye, nimebaki mimi tu. Visa, vipimo upya, foleni. Itafika Oktoba.

"Dada, watu wanatoka huko wakitembea."

Nikamwambia na mimi natembea. Akakata simu.

Naudhika kupangiwa safari kama mzigo. Pia naogopa. Sijui kipi kinazidi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimetapika chakula cha jana kikiwa kama nilivyokimeza. Daktari anasema mlango wa chini wa tumbo unaziba. Basi nimeamua. Matundu, hapa Nairobi, Jumanne ijayo. Salim nimemwandikia ujumbe kwa sababu sauti yake ingenigeuza. Amejibu "Sawa." Salim hajawahi kujibu kwa neno moja maishani mwake.

Jumanne, 19 Agosti

Sikupasuliwa.

Mwanaisha, mke wa Salim, alifika jana jioni. Ametumwa kuniuguza, na ametumwa na chupa ya kombe. Salim mwenyewe alikwenda kwa maalimu. Sura ya Yasini ikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi mawaridi, ikatiwa asali. Roboti nimeikataa, basi angalau ninywe hiki.

Nilikuwa nimekatazwa kula na kunywa. Nikatii. Leo baada ya swala ya alfajiri nikanywa kombe, bilauri nzima. Sikuona kama nimekunywa kitu. Chai ni kinywaji. Kombe ni dua. Hata daktari wa usingizi aliponiuliza kama nimetia chochote mdomoni, nilisema hapana, kwa moyo safi kabisa.

Mwanaisha ndiye aliyesema, tena kwa fahari, kwamba wifi yake ameshakingwa, amekunywa kombe. Daktari akauliza kombe ni nini. Tukamweleza. Akafunga faili. Tumbo langu halishushi kitu, akasema. Ningelazwa usingizi yale maji yangepanda na kuingia mapafuni. Nafasi nyingine ni wiki ijayo.

Mwanaisha amelia mpaka tumefika nyumbani Mowlem. Mimi nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Nimekunywa mwenyewe.

Alhamisi, 21 Agosti

Hata uji mwepesi haupiti. Wamenilaza, wananitilia maji mshipani. Salim hapokei simu ya mtu. Nadhani ninakufa, na nadhani naye anadhani hivyo.

Jumamosi, 30 Agosti

Wodini. Mkono bado mzito.

Walinipasua Jumanne. Walianza na matundu. Kamera ilipoingia wakakuta uvimbe umeshikana na kongosho kuliko picha zilivyoonyesha. Daktari akatoa vyuma vyake, akashika kisu, akanifungua kuanzia chini ya kifua hadi kupita kitovu. Upasuaji wa kizamani, ambao hakuna aliyeugombania. Sehemu kubwa ya tumbo imeondoka. Anadhani ameutoa wote.

Nilimuuliza leo kama roboti ingeweza.

"Sijui, mama."

Na ile wiki iliyopotea?

"Hiyo pia sijui."

Nimeuza nguo sokoni Gikomba miaka mingi. Hili ni jibu la kwanza tangu niugue ambalo halikuwa likiniuzia kitu. Limeniuma, na nimeliamini.

Jumapili, 14 Septemba

Nyumbani. Majibu ya maabara yametoka. Kingo za walipokata ni safi, ila tezi chache za jirani zina ugonjwa. Dawa za mshipani zitaanza tena.

Mchana Salim amekuja. Hatujasemezana tangu siku ya kombe. Alipiga hodi huku akiingia, na Rukia alikuwa ananibadilishia bandeji, kwa hiyo aliuona mshono kabla sijajifunika. Akabaki mlangoni. Nilijua atasema India. Jibu nilikuwa nalo, kali, nimelinoa tangu wodini.

"Dada," akasema, "mimi nilitaka wakukate kidogo tu."

Jibu langu sikulitoa. Rukia akamaliza kufunga. Nikamwambia Salim avue viatu aingie ndani, akaja akaketi kitandani upande wa miguuni.